Koti la Baba na Macho ya Nyani

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Methali hiyo niliiweka katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo langu la utafiti, kwa herufi za kukoza, nikidhani kwamba nimeanza vyema. Pendekezo lenyewe lilihusu wahusika wanyama katika ngano za Waluo na za Waswahili. Siku ya kuliwasilisha mbele ya idara nilisimama kwa dakika 20 nikieleza jinsi sungura anavyowakilisha ujanja, fisi ulafi, na nyani upumbavu wa yule asiyejitambua. Nilipomaliza, mhadhiri mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida si msemaji sana, aliinua kichwa akaniuliza, "Binti, huyu nyani wako umewahi kumwona?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, maana sikujua la kufanya. Kisha nikajibu kwa sauti ya kisomi, "Nyani katika muktadha huu, mwalimu, ni ishara." Akaandika jambo katika daftari lake, akanyamaza.

Jibu lile limenikera tangu siku hiyo, na ndilo lililonisukuma kuyaandika makala haya. Mimi, mpenzi msomaji, nilimwona nyani kabla sijaiona bahari wala garimoshi, kabla hata sijajua kwamba ana jina la Kiswahili. Kwetu aliitwa bim. Boma letu liko katika bonde la Lambwe, Homa Bay, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka mpaka wa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita mraba 120 hivi, na wageni huja kumtafuta korongo, yule paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma ambaye nchini Kenya porini hapatikani kwingine. Sisi tulikuwa na wageni wetu wengine, waliotoka mbugani humo bila kumlipa mtu kiingilio.

Mama ni mzaliwa wa Uriri, Migori. Husema kwamba kabla hajaolewa alimjua ong'er, yaani tumbili, mwizi wa ndizi na mapapai, lakini bim alikuwa ni wa kusimuliwa tu jioni. Alipofika Lambwe kama bibi arusi alikabidhiwa jembe, sufuria mbili, na zamu ya dungu.

Huenda baadhi ya wasomi wenzangu waliolelewa mijini wanalijua neno dungu kutoka kamusini pekee. Letu lilikuwa jukwaa la miti lenye paa la nyasi, katikati ya mahindi, na juu yake palikuwa na debe la kugonga, rundo la mawe na kombeo. Kuamia ndege ni kazi ya watoto wadogo na ina mapumziko yake. Kuamia nyani hakuna mapumziko. Hawaji kama ng'ombe waliokata kamba. Huteremka kutoka majabalini walikolala, wakala nyasi na mbegu huko pembeni kana kwamba shamba hawalioni, na mmoja wao hukwea kichuguu akaketi. Tukiwa watu watatu hawasogei. Wawili wakienda kunywa uji akabaki mmoja, basi dakika chache baadaye utasikia bua linavunjika upande ule usioutazama.

Katika ngano za nyanya yangu, bim huchuma hindi akalibana kwapani, akachuma la pili, na alipoinua mkono kulibana hilo nalo, la kwanza likaanguka; akazunguka shamba zima akatoka na hindi moja. Tulicheka sana. Lakini kule shambani sikuwahi kumwona nyani wa namna hiyo. Niliyemwona alikuwa na hindi moja mdomoni, jingine mkononi, anakimbia kwa miguu mitatu iliyosalia, na mashavu yamemvimba kwa punje alizozihifadhi katika vifuko vilivyomo humo. Nyani na tumbili wote wawili wana vifuko hivyo. Ni kama mkoba wa sokoni uliosahauliwa na mtunzi wa hadithi. Nahisi kwamba aliyeitunga ngano ile ama hakuwahi kuibiwa, ama aliibiwa akahitaji kujiliwaza.

Kwenye njugu karanga ndiko nilikoushangaa mkono wake. Aling'oa shina kwa utaratibu, akakung'uta udongo, kisha akaanza kupembua kwa kidole gumba na cha shahada, njugu moja baada ya nyingine, akitupa zile changa. Nyanya alikuwa akizipembua vivyo hivyo juu ya ungo. Sikuthubutu kumwambia.

Baba alituacha mwaka 2008, nikiwa na umri wa miaka 11. Hilo sitalieleza kwa urefu. Ninalotaka kusema ni kwamba enzi za uhai wake nyani walimjua. Alipotokea tu kwenye kijia na rungu lake, hata kabla hajatamka neno, walianza kujiondokea, madume nyuma, watoto wameng'ang'ania migongo ya mama zao. Baada ya mazishi ilichukua kama majuma mawili hivi kabla hawajaanza kusogea. Mama alitoka na panga na debe, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Walirudi nyuma hatua kumi, wakaketi, wakamtazama. Watu wa kwetu wote husema jambo moja, kwamba bim humwogopa mwanamume na kuwadharau wanawake na watoto. Nimekuja kusoma baadaye kwamba wakulima wa sehemu nyingine za Afrika husimulia vivyo hivyo.

Ndipo mama alipolitoa koti. Lilikuwa koti la kijivu ambalo baba alilivaa kanisani na kwenye vikao vya wazee, kifungo kimoja kimebadilishwa kwa cheusi. Akalivaa, akavaa na viatu vya mpira vya baba, na pama yake akaishusha hadi kwenye nyusi. Nyanya hakulipenda jambo hilo. Nguo za marehemu si za mchezo. Lakini hakumzuia. Mama akashuka kwenye kijia asubuhi ile akiwa na rungu begani, akitembea kwa hatua ndefu, na alipofika penye mwembe akakohoa, kikohozi cha baba hasa, kile kikavu cha mara mbili. Mimi na ndugu yangu tulikuwa juu ya dungu. Nilisisimkwa mwili mzima. Nyani wote waliinuka wakaondoka.

Siku ya pili wakaondoka pia, na ya tatu, na ya nne. Siku ya tano, au pengine ya sita, dume mmoja mkubwa mwenye kovu juu ya jicho alibaki juu ya kichuguu. Mama akaja kwa hatua zile zile. Akakohoa. Dume akamtazama, akapiga mwayo mrefu ulioonyesha meno yote. (Baadaye nilisoma kwamba mwayo wa namna ile kwa nyani aghalabu si wa usingizi, ni wa vitisho.) Mama akaokota jiwe akarusha, likaanguka katikati ya njia. Yule dume akaliangalia jiwe, akamwangalia mama, akateremka taratibu akaingia shambani akavunja hindi. Hakukimbia. Wenzake wakamfuata.

Mama alivua pama akaanza kucheka. Nasi tukacheka, kwa sababu ilichekesha kweli, mama katika viatu vikubwa vile. Kisha akaketi chini palepale, miguu mbele, akasema kwa Kiluo maneno ambayo nayafasiri hivi: "Hata nyani anajua kwamba baba yenu hayupo."

Kwa miaka mingi nimejiuliza yule dume aliona nini. Pengine ni mwendo. Pengine upindo wa koti uliokaribia magoti. Siku hizi ninaelekea kuamini kwamba ni lile jiwe. Jiwe la baba lilifika lilikotumwa. Koti lilikuwa limefanya kazi kwa siku nne, na katika siku hizo hakuna nyani hata mmoja aliyeumizwa, na kuna mtu pale juu ya kichuguu aliyekuwa akiweka hesabu.

Muhula uliofuata ndugu yangu, aliyekuwa darasa la saba, aliacha kwenda shule siku za wiki nzima nzima ili awe yeye mwanamume wa shamba. Alikuwa na miaka 14 na sauti imeanza kukatika. Nyani walimheshimu kiasi. Mtihani wa darasa la nane aliufanya, lakini alama hazikumfikisha mbali. Leo anaendesha bodaboda mjini Migori, na ada ya muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ilitoka katika pikipiki hiyo. Nikisema kwamba elimu yangu ililipiwa na nyani, watu hudhani natania.

Basi baada ya semina ile nilianza kusoma mambo ambayo mwanafunzi wa fasihi hatarajiwi kuyasoma. Tatizo la kwanza lilikuwa la msamiati. Kiswahili kina utajiri hapa: nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega, komba, sokwe. Hata hivyo, katika maandishi yetu majina haya hubadilishana nafasi ovyo, na nimeona tafsiri za vitabu vya watoto ambamo picha ni ya sokwe na maneno ni ya nyani. Nilipofika kwa yule kima mdogo wa Amerika ya Kusini na ya Kati ambaye wanasayansi wanamtaja kila mahali, sikupata jina. Nimeamua kumwita kapuchini. Wazungu walimpa jina hilo kwa sababu nywele za utosini mwake ziliwakumbusha kofia ya joho la watawa Wakapuchini, hivyo jina lenyewe ni tashbihi.

Katika usomaji huo nilikutana na neno jingine lililonishtua zaidi. Kisiwani Rusinga, ambacho kimo katika kaunti yetu ya Homa Bay, Mary Leakey aligundua mwaka 1948 fuvu la kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, asiye na mkia, mwenye mikono ya kushika matawi. Kwa muda mrefu kiumbe huyo aliwekwa katika jenasi iliyoitwa Proconsul. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1933 na Arthur Hopwood, kutokana na visukuku vya Koru, kwa heshima ya kejeli ya sokwe wa maonyesho kule Ulaya aliyeitwa Consul, ambaye alivishwa nguo za kibinadamu ili watu wacheke. Mwaka 2015 wataalamu waliwatenga wale wa Rusinga wakawapa jenasi yao wenyewe: Ekembo. Ni neno la Kisuba la kumtaja nyani au kima. Kisuba, lugha ya Kibantu ya visiwani na pwani ile ya ziwa, ambayo wenyewe wengi wameiacha na kuhamia Kiluo! Jirani yetu mmoja ni Msuba. Nilimuuliza kama analijua neno hilo. Alifikiri sana, akasema bibi yake huenda alilijua. Neno hilo sasa limo katika majarida ya ulimwengu mzima na halimo kinywani mwa mjukuu.

Wanaisimu miongoni mwetu watafurahia zaidi habari za Amboseli. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya huko miongoni mwa tumbili. Tumbili ana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, na wa tatu wa nyoka. Watafiti walinasa milio hiyo, wakaficha vipaza sauti, wakaicheza pasipo na chui wala tai wala nyoka. Uliposikika mlio wa chui tumbili walikimbilia mitini; wa tai, wakaangalia juu au wakajitoma vichakani; wa nyoka, wakasimama kwa miguu miwili wakikagua nyasi. Watoto wao hukosea. Hupiga mlio wa tai wamwonapo ndege yeyote, pengine hata jani linalodondoka, na hujifunza kubagua polepole kadiri wanavyokua. Wataalamu wangali wanabishana kama hayo yaitwe maneno, nami si wa kuwaamulia. Nilichokumbuka ni dungu. Ndugu yangu alikuwa na mbinja mbili, moja ya bim na moja ya ong'er, na mama akiwa jikoni alijua kwa mbinja hiyo kama achukue panga au amtume mbwa tu. Tumbili walikuwa wakitusikiliza nasi tukiwasikiliza, na sidhani kwamba kulikuwa na upande uliokuwa na msamiati mpana sana kuliko mwingine asubuhi zile.

Kuhusu mikono, nyumbani ni mahali pa pekee pa kuulizia. Katika rasi ya Homa kuna mahali paitwapo Nyayanga. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Thomas Plummer, ikishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ilitangaza kwamba imepata hapo zana za mawe 330 zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa kwa zana hizo, na magego mawili ya kiumbe aitwaye Paranthropus, ambaye ni jamaa wa binadamu lakini si babu yetu. Mwaka 2025 ikaongezwa kwamba baadhi ya mawe yale yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Kilomita 13! Mtu, au karibu na mtu, alilibeba jiwe akijua kwamba atakuja kulihitaji.

Sasa mweke kando yake kapuchini wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni mnyama wa kilo mbili tatu, naye huinua kwa mikono miwili jiwe la kilo moja au zaidi, akasimama wima, akavunjia kokwa za michikichi juu ya jabali. Kabla ya kupiga huigeuzageuza kokwa hadi ikae upande usiobingirika. Watoto hukaa pembeni miaka wakitazama, wakiokota makombo, wakipiga ovyo kwa vijiwe, hadi mkono uelewe. Katika bustani ya Serra da Capivara, kapuchini hupiga pia jiwe kwa jiwe, na vipande vinavyoruka, kama ilivyoelezwa mwaka 2016, vinafanana mno na vile vya kale ambavyo wanaakiolojia huviita zana. Lakini kapuchini havitumii. Huramba unga wa jiwe, akaenda zake. Mkono umeunda kisu na mwenye mkono hana habari. Sisi wa fasihi tunalijua tatizo hili vizuri kuliko wanavyodhani wanasayansi, kwa maana tumekesha tukibishana kama maana imo katika matini au katika nia ya mtunzi.

Methali yangu nayo ilinirudia kwa njia ambayo sikuitazamia. Mwaka 1970 Gordon Gallup aliwapa sokwe kioo, kisha wakiwa usingizini kwa dawa akawapaka rangi usoni. Walipoamka na kujitazama, waligusa nyuso zao palipopakwa. Kima wa Asia aliowajaribu hawakufanya hivyo. Waliendelea kumwona mwenzao mgeni ndani ya kioo. Kapuchini na nyani kwa kawaida huangukia upande huo wa kima. Kwa hiyo mhenga aliyesema kwamba nyani haoni kundule hakuwa mbali na ukweli, ijapokuwa kusudio lake halikuwa nyani hata kidogo. Kwa upande mwingine, katika kisa cha punda wa dobi, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili, kima anaokoa maisha yake kwa kumwambia papa kwamba moyo ameuacha nyumbani mtini. Huyo si mpumbavu. Mkusanyiko wetu wa ngano una wanyama wa aina mbili wanaofanana sura, nami katika pendekezo langu nilimwona mmoja tu, yule aliyenifariji.

Julai iliyopita nilikwenda nyumbani nikiwa na mambo haya kichwani kama mtu aliyebeba mayai. Nilipita Thimlich Ohinga kwanza, kule Migori, kwenye kuta za mawe makavu zilizojengwa bila udongo wala saruji na ambazo tangu mwaka 2018 zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tumbili mmoja alikuwa juu ya ukuta akipenyeza vidole baina ya mawe kutafuta wadudu. Nilimtazama hadi ndugu yangu, aliyekuwa amenibeba kwa pikipiki, akapiga honi.

Nyumbani nilikuta mashauri. Jirani alikuwa amenunua dawa kali ya wadudu na alikuwa akipita boma kwa boma kuwashawishi watu waichanje ndani ya ndizi mbivu. Nyani walikuwa wamemaliza mihogo yake. Mama alikuwa hajatoa jibu. Alisema ananingoja mimi.

"Wewe ndiwe msomi, nyathina," aliniambia baada ya chakula. "Sema."

Nikasema. Nilimweleza habari za Amboseli na za Brazili. Nilimweleza kuhusu Shirley Strum, aliyewafuatilia nyani wa Gilgil tangu mwaka 1972, na jinsi walivyohamishiwa Laikipia mwaka 1984 baada ya wakulima kulijaa eneo lile. Aliuliza wa kwetu watahamishiwa wapi. Nikanyamaza. Nilimweleza pia kuhusu lile jaribio la mwaka 2003, ambamo Sarah Brosnan na Frans de Waal waliwafundisha kapuchini kurudisha kijiwe ili wapewe kipande cha tango, kisha jirani wa ngome ya pili akapewa zabibu kwa kazi ile ile, na kapuchini aliyepewa tango akakataa kulipokea, au akalitupa nje. Nilimwambia kwamba wapo wataalamu wanaolipinga jaribio hilo. Hilo hakulijali.

"Huyo ni mimi," alisema, akacheka. Kuna mwaka alikwenda katika ofisi moja kuulizia fidia ya mahindi, akaambiwa kwamba ndovu yumo katika orodha, nyati yumo, nyani hamo. Alirudi na karatasi yake aliyokwenda nayo.

Kisha akanitazama usoni. "Sasa kama wana akili kama unavyosema, wanajua kwamba hiki ni changu. Mwizi asiyejua namsamehe. Huyu anayejua nimfanyeje?"

Nilikuwa nimekuja na hoja zote isipokuwa jibu la swali hilo. Mpaka sasa sijalipata. Nilijaribu kusema kwamba kujua njia ya kuingia shambani si sawa na kujua kwamba shamba ni la mtu, lakini nilijisikia ninavyosema, kama siku ile ya ishara na muktadha. Ndugu yangu alikuwa mlangoni akifuta pikipiki. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema katika nyumba ile kuhusu nyani, naye alisema tu kwamba asiulizwe.

Dawa haikupokewa. Nisingependa kudai kwamba ni kwa sababu ya elimu yangu. Mama alimwambia jirani kwamba ndizi haichagui mlaji, kwamba ana kuku na wajukuu, na kwamba mbwa wa boma la tatu alikuwa tayari amekufa kwa povu. Akaihamishia mipango ya njugu karibu na nyumba, na upande wa kichuguu akasema safari ijayo atapanda ufuta na pilipili, vitu ambavyo bim havithamini. Mahindi hawezi kuyaacha. Ugali haupikwi kwa pilipili.

Siku ya soko alinipa zamu ya dungu. Kulikuwa na baridi ya asubuhi, naye akanirushia kitu cha kujifunika: koti la kijivu, kifungo kimoja cheusi, mabega yamepauka. Nililivaa. Nilikuwa na daftari langu na sura ya pili ya tasnifu ambayo msimamizi wangu alikuwa akiidai. Jua lilipopata nguvu waliteremka, kama 30 hivi, na mmoja akakwea kichuguu. Hakuwa na kovu. Miaka 16 au 17 imepita. Huenda ni mwana wa yule, huenda ni mgeni tu, maana madume huhama makundi. Aliketi akanielekezea uso.

Niliweka kalamu chini. Nikakohoa mara mbili, kikohozi kikavu. Hakuinuka. Nikateremka kwenye ngazi, nikaokota jiwe, nikasimama pale nikilipima uzito mkononi, naye akiutazama mkono wangu.